Julai Mosi na Sabasaba: Nani Huziweka Tarehe za Historia?

Magazeti na vipindi vya redio hupenda kuorodhesha matukio yaliyotokea siku moja ya mwaka katika miaka tofauti, na msomaji au msikilizaji wa orodha hizo huachiwa hisia kwamba matukio hayo yana undugu, ingawa orodha yenyewe haielezi undugu huo ni wa namna gani wala kama upo. Kwa watu wa Afrika Mashariki, tarehe 1 Julai ni mfano unaostahili kuchunguzwa. Siku hiyo mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliokamilisha mgawanyo wa eneo hili baina yao. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ilipokea kutoka kwa kampuni ya biashara utawala wa sehemu kubwa ya nchi ambayo leo ni Kenya. Mwaka 1960 nchi mbili za Wasomali ziliungana kuwa jamhuri moja. Mwaka 1962 Rwanda na Burundi zilipata uhuru. Mwaka 2007 nchi hizo mbili zikawa wanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Na mwaka 2010 Soko la Pamoja la Jumuiya hiyo likaanza. Matukio ya uzito huo yakirundikana katika tarehe moja yanaweza kumfanya mtu aamini kwamba siku yenyewe ina nguvu fulani. Uchambuzi huu unatetea mtazamo mwingine: kulingana kwa tarehe hakufasiriki mpaka ijulikane nani aliiweka tarehe, kwa haja gani na kwa kalenda ipi, kwa kuwa ulinganifu huo unaweza kuletwa na bahati, na ratiba ya ofisi, na uamuzi wa kisiasa, au na kumbukumbu ya tukio lililotangulia.

Bahati ndiyo inayodharauliwa zaidi. Hesabu ya uwezekano, yaani tawi la hisabati linalopima jinsi jambo linavyoweza kutokea au kutotokea, inaonyesha kwamba wakikusanywa watu 23 tu bila kuchaguliwa, uwezekano wa wawili kati yao kuwa na siku moja ya kuzaliwa unazidi nusu. Afrika ina nchi 54, na kama siku zao za uhuru zingepangwa kwa bahati nasibu, kupatikana kwa nchi mbili zenye siku moja kungekaribia kuwa jambo la hakika. Historia ina matukio mengi mno kuliko siku za mwaka, hivyo kila siku lazima ibebe mzigo wa matukio yasiyohusiana. Tarehe 7 Aprili inaonyesha jinsi akili inavyoweza kuteleza hapa. Tarehe hiyo mwaka 1972 Sheikh Abeid Amani Karume aliuawa Zanzibar, na Tanzania huiadhimisha kwa jina lake. Tarehe hiyohiyo mwaka 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza Rwanda, siku moja baada ya ndege iliyowabeba Rais Juvénal Habyarimana na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi kuangushwa Kigali wakirejea kutoka mkutano uliofanyika Dar es Salaam. Mtu anayetafuta ishara ataona Tanzania katika pande zote mbili na kudhani amegundua kitu, ilhali sababu za kifo cha Karume zimo katika siasa za Zanzibar baada ya Mapinduzi, na sababu za msiba wa Rwanda zimo katika miongo ya ubaguzi na maandalizi ya watu waliojulikana kwa majina. Kuyaunganisha kwa tarehe ni kuwavua wahusika wajibu wao na kuukabidhi kwa kalenda, na katika suala la mauaji ya kimbari kosa hilo si dogo.

Kalenda nayo haipaswi kuchukuliwa kuwa moja. Tarehe nyingi za vitabuni hutumia kalenda ya Gregori, iliyoidhinishwa na Papa Gregori XIII mwaka 1582 ili kusahihisha ile ya Julius Kaisari, lakini nchi hazikuipokea kwa pamoja. Hispania iliifuata mwaka huohuo, Uingereza ikangoja hadi 1752. Ndiyo maana Shakespeare na Cervantes, ambao wote huhesabiwa tarehe 23 Aprili 1616 kwa kifo au mazishi, kwa kweli walitenganishwa na siku zipatazo 10, na Siku ya Kimataifa ya Vitabu iliyowekwa tarehe hiyo kwa sehemu inasimama juu ya ulinganifu wa namba peke yake. Katika pwani ya Afrika Mashariki hali ina tabaka zaidi, kwa sababu nyaraka za Masultani na barua za wafanyabiashara ziliandikwa kwa kalenda ya Hijria, inayofuata mwezi na ambayo mwaka wake ni mfupi kwa takriban siku 11. Kwa kalenda hiyo, 1 Julai 1890 iliangukia Dhulqaada ya mwaka 1307, yaani Mfungo Pili kwa hesabu ya miezi ya pwani, na 1 Julai 1962 iliangukia Muharram ya 1382, yaani Mfungo Nne, kwa hiyo karani wa Sultani na mjukuu wake wasingeona ulinganifu wowote kati ya siku hizo mbili. Zaidi ya hayo, katika desturi ya Kiislamu na ya Waswahili siku huanza jua linapotua, na usiku huhesabiwa kuwa wa siku inayofuata. Mapinduzi ya Zanzibar, yaliyotokea usiku wa kuamkia 12 Januari 1964, kwa hesabu hiyo ni ya tarehe 12 bila ubishi, ambapo mtu anayebadilisha siku saa sita ya usiku hulazimika kuuliza kila tendo lilifanyika saa ngapi.

Baada ya tahadhari hizo, Julai Mosi yaweza kuangaliwa kwa karibu. Mkataba wa 1890, unaojulikana kwa jina la Heligoland na Zanzibar, ulitiwa saini Berlin, na upande wa Ujerumani ulikuwa chini ya Kansela Leo von Caprivi, aliyekuwa amechukua nafasi ya Bismarck miezi michache tu kabla. Ujerumani ilikubali Zanzibar, yaani Unguja na Pemba, iwe himaya ya Uingereza, maana yake nchi inayobaki na mtawala wake lakini mambo yake ya nje na ulinzi yakishikwa na dola nyingine. Ikaacha madai yake juu ya Witu, katika pwani ya Kenya ya leo. Na kwa upande wake ikapewa kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Sultani Ali bin Said, ambaye ndiye aliyekuwa akigawiwa, hakuwamo mezani, na ukanda wake wa pwani ya bara ukaishia mikononi mwa Wajerumani kwa fidia ya marki milioni 4. Mkataba huo pia ulipeleka mpaka wa mashariki hadi magharibi kupitia Ziwa Victoria kwa kufuata mstari wa digrii 1 kusini mwa Ikweta mpaka Dola Huru ya Kongo, na kwa mstari huo Rwanda na Burundi zikawekwa upande wa Ujerumani kabla Mjerumani yeyote hajafika katika ikulu ya Mwami Kigeli IV Rwabugiri wa Rwanda. Gustav Adolf von Götzen alifika huko mwaka 1894.

Tarehe ya mkataba huo haikuchaguliwa na mtu kwa maana yake. Makubaliano ya awali yalikwisha kufikiwa 17 Juni, na siku zilizofuata zilikuwa za kuandika vifungu na kuvihakiki, hivyo saini zilianguka Julai Mosi kwa kuwa kazi ya makarani ilikuwa imemalizika. Lakini tukio la miaka mitano baadaye ni la aina nyingine. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilikuwa imeishiwa nguvu za kifedha, serikali ikatangaza himaya katikati ya Juni 1895, na makabidhiano yakapangwa yaanze 1 Julai. Serikali inayopokea nchi kutoka kwa kampuni inapokea pia vitabu vya hesabu, mishahara na madeni, na mambo hayo hukatika vizuri penye mwanzo wa mwezi, na vizuri zaidi penye mwanzo wa nusu ya pili ya mwaka.

Mantiki hiyo ya vitabu vya hesabu ndiyo inayoeleza sehemu kubwa ya Julai Mosi, na inajitokeza tena katika tarehe za uhuru wa nchi zilizokuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, yaani mpango ambao dola moja iliiendesha nchi kwa niaba ya umoja huo na kuwajibika kwake. Somalia ya Italia ilikuwa imepewa udhamini wa miaka 10 uliotarajiwa kwisha 2 Desemba 1960. Mwishoni mwa 1959 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikubali kuuwahisha mwisho huo uwe 1 Julai 1960, na Somalia ya Uingereza, iliyopata uhuru wake 26 Juni, ikaungana nayo siku hiyo. Ruanda-Urundi nayo ilikuwa chini ya udhamini wa Ubelgiji, na Baraza Kuu lilipitisha azimio la kuukomesha tarehe 27 Juni 1962, siku nne tu kabla ya Julai Mosi. Nchi zilizotoka humo zilikuwa mbili, na hata sura zao za kisiasa zilitofautiana: Burundi iliingia katika uhuru ikiwa ufalme chini ya Mwami Mwambutsa IV, ikiwa bado inaomboleza Mwanamfalme Louis Rwagasore aliyeuawa Oktoba 1961, na Rwanda ikiwa jamhuri chini ya Rais Grégoire Kayibanda. Kwamba mstari uliowaweka wote chini ya Ulaya ulitiwa saini Julai Mosi na bendera ya Ulaya ikashushwa Julai Mosi, miaka 72 baadaye, ni ulinganifu unaogusa moyo, na haina budi kusemwa kwamba hakuna aliyeupanga. Umoja wa Mataifa ulitafuta siku safi ya kufunga hesabu, wala haukuwa ukijibu mkataba wa Berlin.

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki uhusiano kati ya Julai Mosi na vitabu vya hesabu ni wa wazi kabisa. Mwaka wa fedha, yaani kipindi cha miezi 12 ambacho serikali hupangia mapato na matumizi yake, huanza 1 Julai nchini Kenya, Uganda na Tanzania, na Rwanda, ambayo zamani ilianza wake Januari, ilihamia Julai mwaka 2009 ili iende sambamba na majirani. Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa kwa mkataba wa 1967, ilikuwa imedhoofishwa na ugomvi wa kugawana faida, na tofauti kati ya ujamaa wa Tanzania na uchumi wa Kenya, na utawala wa Idi Amin wa Uganda, ambaye Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja; lakini siku ya kufa kwa Jumuiya iliamuliwa na bajeti. Juni 1977 ilipokwisha, nchi wanachama zilikuwa hazijaidhinisha fedha za mwaka mpya, na shirika lisilo na bajeti halikuweza kuendelea na kazi. Miaka 30 kamili baadaye, Julai Mosi ya 2007, Rwanda na Burundi zikaingia katika Jumuiya mpya kama wanachama kamili, na mwaka 2010 Soko la Pamoja likaanza siku hiyohiyo. Hapa matukio yana undugu wa kweli, kwa sababu tarehe zote zimetoka katika chombo kimoja, nacho ni mwaka wa fedha. Wanahistoria wa eneo hili wamewapa viongozi na hotuba zao kurasa nyingi, na idara za hazina, ambazo ratiba zao zimepanga matukio makubwa kiasi hiki, zimepewa kurasa chache mno.

Tarehe za wanasiasa hufuata njia nyingine, kwani wao huchagua siku kwa ajili ya maana yake na hupenda maana hiyo ionekane. Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961 na kuwa jamhuri 9 Desemba 1962; Uganda ilikuwa huru 9 Oktoba 1962 na mwaka mmoja baadaye, siku hiyohiyo, Kabaka Mutesa II akawa rais wake; Kenya ilifanya vivyo hivyo 12 Desemba ya 1963 na ya 1964, na Nigeria na Malawi zikafuata mtindo huohuo. Kuiweka jamhuri juu ya siku ya uhuru kuliepusha mashindano ya sikukuu mbili za taifa. India ilikuwa imefanya jambo la ndani zaidi: katiba yake ilianza kutumika 26 Januari 1950 kwa heshima ya 26 Januari 1930, siku ambayo wapigania uhuru waliiadhimisha kama siku ya uhuru kamili wakiwa bado chini ya Waingereza. Kwa uamuzi huo siku iliyokuwa ya madai iligeuzwa kuwa siku ya utimilifu.

Tanzania ina mfano usiopungua huo kwa ustadi. Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha Bara, ilipitisha Azimio la Arusha, tamko la siasa yake ya ujamaa, mwishoni mwa Januari 1967, na Azimio likatangazwa 5 Februari. Chama cha Afro-Shirazi cha Zanzibar kilihesabu 5 Februari 1957 kuwa siku ya kuzaliwa kwake. TANU na Afro-Shirazi zilipoungana kuwa Chama Cha Mapinduzi, muungano huo uliwekwa 5 Februari 1977, siku iliyotimiza miaka 20 ya chama cha Visiwani na miaka 10 ya itikadi ya chama cha Bara. Siku ya kuzaliwa ya TANU yenyewe, ambayo ndiyo iliyokuwa na sherehe kubwa zaidi Bara, iliachwa. Chaguo hilo lapaswa kusomwa kama kitendo cha siasa ya Muungano: chama kikubwa kilikubali kuzaliwa upya katika siku ya chama kidogo, na kikaipa siku hiyo uzito wake kwa kupitia Azimio, hivyo kila upande ukaweza kusema kwamba siku ni yake.

Kuna pia tarehe zinazozaa matukio, nazo ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa kwa sababu humo maadhimisho yenyewe huwa sababu. Ujerumani inatoa mfano wa kutisha. Jamhuri ilitangazwa Berlin 9 Novemba 1918; Hitler na wenzake walijaribu kupindua serikali huko Munich 8 na 9 Novemba 1923, wakiichukia jamhuri hiyo; walipotwaa madaraka, waliifanya siku ya jaribio lao kuwa siku ya kukutana kila mwaka. Ndiyo maana jioni ya 9 Novemba 1938, habari za kifo cha mwanadiplomasia Ernst vom Rath zilipofika, viongozi wa chama walikuwa tayari wamekusanyika Munich, na kutoka katika karamu hiyo amri za kushambulia masinagogi, maduka na nyumba za Wayahudi zikasambaa nchi nzima usiku uleule. Kufunguka kwa Ukuta wa Berlin 9 Novemba 1989 kulitokana na tangazo lililotolewa kwa pupa katika mkutano na waandishi wa habari, wala hakukuhusiana na siku hizo za awali, lakini kumbukumbu ya 1938 ilifanya 9 Novemba isifae kuwa sikukuu ya furaha, na Wajerumani wakaadhimisha muungano wao 3 Oktoba. Kuikwepa tarehe nako ni aina ya kuichagua.

Sabasaba, yaani 7 Julai, imepita katika njia zote hizi. TANU ilianzishwa Dar es Salaam 7 Julai 1954, katika mkutano wa Tanganyika African Association uliogeuza jumuiya hiyo kuwa chama cha siasa chini ya Julius Nyerere, na siku hiyo ikabaki katika maisha ya Watanzania kama siku ya mapumziko na maonesho ya biashara hata baada ya chama chenyewe kutoweka katika muungano wa 1977. Nchini Kenya jina hilohilo lina historia tofauti kabisa. Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliodai Mei 1990 kwamba nchi irudi katika mfumo wa vyama vingi, waliitisha mkutano wa hadhara Kamukunji, Nairobi, Jumamosi ya 7 Julai. Serikali ya Rais Daniel arap Moi ilikataa kibali na kuwatia wawili hao kizuizini siku chache kabla. Watu wakaenda Kamukunji hata hivyo, wakakutana na polisi, na ghasia zikaenea hadi miji ya jirani kwa siku kadhaa, watu wasiopungua 20 wakipoteza maisha. Desemba 1991 kifungu cha 2A cha Katiba, kilichofanya KANU kuwa chama pekee, kikafutwa. Kwa hiyo siku moja ya mwaka ilibeba, upande mmoja wa mpaka, kuzaliwa kwa chama kilichokuja kuwa chama pekee, na upande wa pili, upinzani dhidi ya chama pekee. Hakuna aliyeupanga mgongano huo.

Baada ya hapo tarehe ilianza kuvuta matukio mengine. Mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Novemba 1999, ulianza kutumika 7 Julai 2000. Na UNESCO ilipotangaza Novemba 2021 kwamba 7 Julai itakuwa Siku ya Kiswahili Duniani, sababu zilizotolewa zilikuwa nafasi ya Kiswahili katika TANU tangu 1954 pamoja na kurejea kwa Jumuiya mwaka 2000. Nchini Kenya Raila Odinga, ambaye mwenyewe alitiwa kizuizini mwaka 1990, alirudi Kamukunji siku hiyo mwaka 2023 na wafuasi wake kuikusanyia saini kampeni dhidi ya serikali, na Sabasaba ya 2025, iliyokuja chini ya wiki mbili baada ya kumbukumbu ya vijana waliouawa katika maandamano ya 25 Juni 2024, iliwakuta polisi wamefunga barabara kuu za kuingilia Nairobi tangu alfajiri, na watu wengi wakauawa. Hapo serikali haikungoja mtu aitishe mkutano. Ilijua tarehe ingeitisha yenyewe. Sabasaba ya Kenya haina ofisi iliyoitunza, wala sheria iliyoitangaza, na ndiyo maana ina nguvu ambayo Julai Mosi, pamoja na mikataba na maazimio yake yote, haijawahi kuwa nayo mitaani.

Uzito wa tarehe basi hutegemea nani anaendelea kuibeba, na Rwanda na Burundi zinalithibitisha hilo kwa sababu zilianza na siku moja. Burundi bado huiadhimisha Julai Mosi kwa gwaride kama sikukuu yake kuu ya taifa. Rwanda imeishi na Julai kadhaa: Habyarimana alitwaa madaraka 5 Julai 1973 na kukianzisha chama chake cha MRND 5 Julai 1975, akiifunika siku ya Kayibanda kwa siku yake, kisha wapiganaji wa RPF waliuteka mji wa Kigali 4 Julai 1994, na siku hiyo ikawa Siku ya Ukombozi, ikaiondoa ya Habyarimana na kuzidi Julai Mosi kwa hadhi, kwa kuwa serikali mpya iliuona uhuru wa 1962 kama uhuru uliowaacha Wanyarwanda wengi uhamishoni. Mwaka 2012, uhuru ulipotimiza miaka 50, Kigali iliziadhimisha siku hizo mbili pamoja katika sherehe moja, na sherehe hiyo ikafanyika Julai Mosi.